Chai ya Kukesha

Tulipoibomoa nyumba ya mama, fundi alisimama katikati ya sebule, akaigonga ile nguzo kwa kiganja kama mtu anayejaribu tikiti sokoni, akaniuliza kama aikate kuni. Mabati yalikuwa yameshashushwa, na jua lilikuwa limeingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Hewa ilinuka udongo mkavu na masizi ya miaka mingi. Nguzo ilikuwa imebaki peke yake, nyeusi kule juu paa lilikokuwa, na chini, kwenye kimo cha mtu aliyeketi, imeng'aa kama mpini wa jembe la zamani.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Akaenda kuketi juu ya rundo la mabati na kufungulia redio ya simu yake. Alidhani namlilia mama, na hakukosea sana. Lakini kilichonijia pale hakikuwa mazishi. Kilikuwa ladha ya chai: chai ya maziwa, majani mengi, iliyonichoma ulimi alfajiri moja ya baridi mjini Kitale, nikiwa mtoto wa darasa la tatu niliyeapa kwamba hakuna daktari atakayenilaza usingizi.

Acha nieleze polepole, maana jambo hili halieleweki ukilishika mkia.

Tulikaa upande wa Myanga, baba akilima miwa na mahindi. Tumbo langu lilikuwa likiniunguza kwa miezi mingi. Lilianza kama njaa ya kawaida, kisha likawa kama mtu ameniwekea kaa la moto chini ya kifua. Nilitapika shuleni, nikatapika kanisani. Zahanati ilinipa dawa ya minyoo, halafu ya malaria, halafu tena ya minyoo. Siku moja nilitapika nyuma ya choo, mama akaja na jembe afukie, akainama, akakaa ameinama kwa muda mrefu. Aliyaona matapishi yana michirizi ya damu. Hakupiga kelele. Alifukia, akanawa mikono, akamwambia baba maneno machache kwa Kibukusu, na kuanzia siku hiyo nikawa mtoto wa kuongelewa kwa sauti ya chini.

Hospitali ya Bungoma walinipima damu, wakasema ni lazima mtu aone ndani ya tumbo lenyewe. Kwa hilo tungekwenda Kitale, kwenye hospitali ambayo daktari mmoja wa Eldoret aliifikia mara moja kwa mwezi akiwa na kamera yake. Mrija mwembamba wenye taa, unapita mdomoni hadi tumboni. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, hupimwa, huamka, hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Leo jambo hilo halimshtui mtu. Siku zile, simu moja yenye tochi ikizungushwa kwa majirani watano kama kiberiti, kamera ya kuingia tumboni ilikuwa hadithi ya kusimuliwa hadi watu wasahau chakula jikoni.

Mimi nilielezwa na baba, na maelezo yake yalikuwa haya: "Watakupatia dawa ulale kidogo, harafu waangalie tumbo. Ukuwe mwanaume."

Basi. Baba hakuwa mkali, hakuwa mvivu wa maneno pia. Hakuna aliyekuwa amemweleza yeye zaidi ya hapo. Alinipa chote alichopewa, na mwisho akaongeza lile neno la kwake, neno ambalo baba yake mwenyewe angelisema. Hakujua kwamba hilo la mwisho ndilo pekee nililolisikia.

Maana Agosti iliyotangulia, kaka yangu Simiyu alitahiriwa. Aliyekulia Bungoma ananielewa tayari, lakini nieleze kwa ajili ya wengine. Mvulana hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa tope baridi mwili mzima, hurudishwa nyumbani akiimbiwa, husimama uwanjani mbele ya ukoo wote. Hupewi dawa ya ganzi wala kiti. Unasimama wima, unatazama juu, na hupepesi macho hadi firimbi ilie. Ukipepesa, watu wameona. Ukiyumba, watu wameona, na watawasimulia watakaooa kwenu.

Mimi nilikuwa mdogo mno wa kusimama na wanaume, nikafungiwa ndani na akina mama. Kwa hiyo nilimwona mama. Alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, ameikumbatia nguzo ya katikati kwa mikono miwili. Ni kawaida yetu: mtoto akiwa nje mbele ya kisu, mama hushika nguzo ya nyumba, na haiachi hadi asikie mtoto amepita salama. Alikuwa akitokwa na jasho kama anajifungua. Firimbi ilipolia na vigelegele vikapasuka, vidole vyake havikufunguka mara moja. Shoga yake, Mama Nafula, alivibandua kimoja kimoja huku akicheka na kulia.

Simiyu hakupepesa. Alilirudia jambo hilo miezi yote iliyofuata, hata akiombwa kuchota maji.

Niliposema kwamba ninakwenda Kitale kulazwa usingizi, alikuwa anapaka viatu vyake rangi. Aliacha brashi hewani.

"Ati ulazwe ndio uguswe?"

"Ni daktari alisema."

"Mimi nililazwa?"

"Hapana."

"Si nilikuwa naangalia juu, nikiona mpaka ndege ikipita?" Akatikisa kichwa kwa huruma iliyouma kuliko kofi. "Bana, wewe watakuogopea. Watasema huyu hawezi kusimama, huyu alazwe kama mtoto wa kunyonya."

Alikuwa ananitania tu. Lakini mtoto wa miaka minane hana mahali pa kuweka utani wa kaka. Nililala nikiufikiria, na kulipokucha kila kitu kilianza kushuhudia. Mama hakuja nasi. Nilijua kuna mdogo wetu wa kunyonya, lakini nilijua pia kwamba wanawake hawafiki uwanjani. Baba mkubwa, tulipopishana naye njiani, alinishika bega akaniambia nisiwaaibishe. Hata nguo mpya nilinunuliwa, kaptura ya kijani. Kufika Kamukuywa, tukiwa bado njiani, nilikuwa na hakika kabisa: hiki si kipimo cha tumbo tu, ni mtihani wangu, umekuja kabla ya wakati, na dawa ya usingizi ndiyo mtego wenyewe. Mwanaume ni yule ambaye haitamshinda.

Tulilala kwa shangazi Nekesa, dada yake baba, aliyeuza mitumba sokoni Kitale na kupanga chumba kwenye ploti iliyojaa kuku wa majirani. Baba alimwambia mlangoni kabla hata ya kukaa: "Dada, tangu sasa mtoto asile. Wamekataza chakula kabisa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Shangazi aliishika amri hiyo kama ya kanisani. Chapati alizokuwa amenipikia alizipeleka kwa jirani ili nisizinuse. Sufuria ya maharagwe aliisukuma chini ya kitanda akaifunika na beseni. Yeye mwenyewe alilala bila kula, akisema hawezi kutafuna mbele ya mgonjwa.

Alfajiri aliniogesha nje kwa maji yaliyokuwa yamelala kwenye ndoo. Baridi ya Kitale wanaoijua wanaijua. Meno yaligongana, ngozi ikasimama, na mimi nikafurahi, maana hilo lilikuwa tope la mtoni, sawasawa kabisa. Baba alikuwa ameenda dukani kuchajisha simu, tochi ilikuwa imeimaliza. Nikaona nafasi yangu.

Wakati wa matanga ya babu nilikuwa nimewaona wanaume wakikesha usiku kucha kando ya moto, na kila walipoanza kusinzia, wanawake waliwaletea birika. Chai kali, nyeusi kama mbolea, ilizunguka na macho yakafunguka. Simiyu pia alikunywa, akakesha.

"Shangazi," nikasema, "naomba chai. Ya majani mengi."

Akanitazama nikitetemeka kwenye taulo. "Chai tu?"

"Chai tu."

Akafikiria. Nakumbuka alivyofikiria, mkono kiunoni, kwa uaminifu kabisa. "Si chai sio chakula," akajijibu. "Hata mtu akikunywa kikombe tano, bado hajakula. Na mtu hatoki kwa mlango na tumbo baridi, papa," akaniita kwa neno la kwetu la kumbembeleza mtoto.

Hapa msomaji wa Bungoma hahitaji msaada wangu, lakini wewe wa mbali utanisamehe nikieleza. Kwetu chakula ni ugali. Unaweza kumeza viazi vitamu, mahindi ya kuchoma, ndizi, na maziwa lita nzima, na ukiulizwa kama umekula utasema hapana, na hutakuwa umedanganya. Vile vingine ni vya kungojea chakula. Shangazi hakuvunja amri ya baba hata ncha. Alichemsha maziwa, akamimina majani hadi chai ikawa na rangi ya matofali, akanipa kikombe kikubwa, halafu kingine. Nilikunywa yote kwa uchungu wake, nikimeza ujasiri.

Hospitali ilikuwa na korido ndefu iliyonuka spiriti na sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kwenye benchi tulikuwa wagonjwa wanne. Nesi aliyetupokea aliitwa Sista Chebet, mwanamke mfupi mwenye sweta la bluu, mtu wa Kapsokwony kule mlimani. Alizungumza na mimi kabla ya kuzungumza na baba, na hilo peke yake lilinichanganya.

"Sasa, mtu wangu. Habari ya tumbo?"

"Mzuri."

"Ingekuwa mzuri ungekuwa hapa?" Akacheka, akamgeukia baba. "Mzee, kijana amekula?"

"Hajakula tangu jana mchana," baba akasema, naye alikuwa anasema kweli yote aliyoijua.

Kwa sababu nilikuwa mtoto, niliwekwa wa kwanza. Tuliingia chumba kidogo chenye kitanda cha magurudumu. Nilivalishwa gauni linalofungwa mgongoni, nikaona ni sawa, hata Simiyu alivuliwa nguo. Sista akasema ataweka kasindano ka plastiki mkononi, dawa ipitie hapo, kataniuma kama siafu mmoja. Akaniambia nikae.

Sikukaa. Nilisimama katikati ya chumba, miguu nimeitenganisha, mkono nimeunyoosha, nikatazama juu. Palikuwa na taa ndefu, na ndani ya kioo chake mbu mfu. Nilimkazia macho yule mbu. Siafu aliuma, akauma tena, machozi yakajaa yenyewe lakini sikupepesa. Nilihisi plasta ikibandikwa.

"Huyu mtoto anafanya nini?" Sista akauliza taratibu. Nilimwona baba kwa pembe ya jicho. Alikuwa ametambua nimesimama vipi, na uso wake ulikuwa umelegea kama mtu aliyepewa habari mbaya kwa lugha yake mwenyewe.

"Haya, umeshinda siafu," Sista akasema. "Sasa inabaki ile dawa ya kulala."

Hapo nikaona wakati wangu umefika. "Hamtaniweza," nikatangaza. "Silali. Nimekunywa chai."

Sista alikuwa na bomba la sindano mkononi. Aliliweka chini kwenye trei polepole sana, kama yai.

"Umekunywa nini?"

"Chai kali. Kikombe mbili. Ya maziwa."

"Saa ngapi?"

"Tukitoka."

Nilingoja woga wao na niliuona, lakini haukuwa ule nilioutaka. Baba aliketi kwenye kiti cha nesi bila kuambiwa. Sista alitoka, na nikasikia sauti ya daktari ukutani, sauti ya mtu mwenye haraka ambaye hana ubaya: "Siwezi kumlaza na maziwa tumboni. Mnataka nimuue? Aje mwezi ujao."

Neno "nimuue" lilipita ukutani likaja kuketi kando yangu.

Sista akasema kitu. Daktari akasema kitu. Sista akasema tena, kwa muda mrefu kidogo, nikasikia neno "damu". Kisha akarudi akapiga magoti ili macho yetu yawe sawa.

"Sikiza. Ukilala kwa hii dawa yetu, koo pia inalala. Tumbo ikirudisha chai juu, koo haitaamka kuifunga mlango. Chai itashuka kwa mapafu, mahali ya kupumua. Ndio maana tunakataza. Sio chakula peke yake, ni kila kitu, hata maji. Ilikuwa makosa yetu, tungesema hivyo." Akamwangalia baba. "Daktari amekubali awe wa mwisho, chai ishuke kwanza. Lakini hawa wengine wakiisha mbio kabla chai ishuke, yeye ataenda Eldoret, na nyinyi mtarudi mwezi ujao."

"Na akitapika damu kabla ya mwezi ujao?" baba akauliza.

Sista alimshika mkono.

Tukarudi kwenye benchi na gauni langu na plasta yangu. Walibaki wagonjwa watatu mbele yetu. Sijawahi tena kuwatakia watu ucheleweshaji kwa moyo safi namna ile. Mama mmoja aliingia, akatoka upesi, na baba akafunga macho. Kijana mmoja akaingia, akatoka upesi zaidi. Akabaki mzee mmoja wa Kachibora, mwenye koti la mvua na fimbo, aliyekuwa amesinzia muda wote.

"Mzee, zamu yako," Sista akaita.

"Yangu?" Akaamka. "Kwanza, hiyo kamera imetoka kwa tumbo ya nani?"

"Imeoshwa, mzee."

"Na nini?"

"Na dawa."

"Dawa gani?"

Baba akafungua jicho moja. Mzee aliuliza habari ya dawa, ya mrija, ya urefu wa mrija, akataka kuugusa, akakataa kutoa meno yake ya bandia kwa sababu mara ya mwisho alipoyatoa mbele ya watu mjukuu wake aliyaficha. Yakatolewa kwa mazungumzo marefu. Kisha akaomba kwenda haja. Baba, mtu asiyecheka hovyo, alianza kutetemeka mabega. "Mungu ambariki huyu mzee," alinong'ona, "amwongezee maswali."

Ndani ya nafasi hiyo Sista alikuja akaketi kati yetu.

"Mimi ni msichana wa mlimani," akaniambia. "Kwetu pia vijana husimama. Kaka zangu wote wamesimama. Nilikuona ukiangalia taa, nikajua. Nani alikuambia hii yetu ni kama ile?"

Sikumtaja Simiyu. Nilisema, "Ukilala, umeogopa."

"Ahaa." Hakucheka. "Kisu cha nyumbani kinauliza mtu swali: wewe ni nani? Ndio maana unasimama, ukijibu. Lakini kamera haiulizi kitu. Inatafuta kidonda kwa giza. Ukiwa macho, koo inapigana nayo, na kidonda inajificha. Ukilala, umeifungulia mlango. Umeelewa? Hapa hakuna mtu anakupima uanaume. Tunapima tumbo."

Nikafikiria. Bado palikuwa na jambo moja. "Na kule, kuna mtu wa kuona. Kama nimelala, nani ataona wasinifanye vibaya?"

Sista alimtazama baba juu ya kichwa changu. Baba alikohoa.

"Mimi," akasema. "Nitasimama hapo kwa kichwa yako."

"Hutalala?"

"Sitalala."

"Usipepese."

Alinitazama, mtu mzima yule mwenye mikono ya miwa. "Sitapepesa," akasema.

"Mzee," Sista akamgeukia, "hujapigia mama yake?"

"Nitamwambia nini? Ati amekunywa chai?" Baba akaigeuza simu kiganjani. "Nilisema nitapiga kabla ya saa sita. Nitapiga nikiwa na neno."

Mvua ilianza kutisha upande wa Cherangany. Yule mzee alitoka akisukumwa, amelala, mdomo wazi, mpole kama mtoto. Daktari alitokea mlangoni akitazama saa yake, akanitazama mimi, akatazama saa tena. Alihesabu kitu kwa midomo. "Imetosha," akasema. "Mlete."

Nililala chali kitandani. Walinipulizia kitu kooni chenye ladha ya ndizi iliyooza, na ulimi wangu ukawa wa mtu mwingine. Baba alisimama kichwani kwangu, nikamwona kinyumenyume, kidevu juu, macho chini. Sista akaniambia nimtajie ng'ombe wetu wote.

"Malaika," nikasema. Kitu baridi kilipanda mkononi. "Nafuu." Bado nilikuwa na hofu, sitasema uongo, hofu haikuondoka, ilipata tu mahali pa kukaa. Nilimtazama baba. Macho yake yalikuwa mekundu, yamejaa maji, yamekodolewa kwa nguvu zake zote. Hakupepesa. Ng'ombe wa tatu sikumfikia.

Niliamka koo likiniwasha, nje mvua ikipiga mabati. Baba alikuwa pale pale.

"Nililala?"

"Ulilala."

"Na wewe?"

"Mimi sikulala." Akajifuta macho na mkono wa shati. "Wameona kidonda. Ni kimoja. Kina dawa, ya kumeza tu. Daktari amenionyesha, kiko hivi." Akanionyesha ukucha wa kidole chake kidogo. Miezi yote ile ya kunong'ona, na adui alikuwa na ukubwa wa ukucha.

Kisha akatoka kwenye korido kupiga simu kwa jirani, maana mama hakuwa na simu, nikamsikia akipaza sauti kushinda mvua: "Mama Nafula! Mwambie amepita! Amepita!"

Tulilala tena kwa shangazi, ambaye alipoelezwa habari ya chai alijifunika uso kwa leso, na baba akamwambia, "Dada, wewe uliambiwa chakula. Ni mimi sikujua kueleza." Siku hizi mzazi akiniambia mtoto wake anakwenda kupimwa kwa dawa ya usingizi, mimi humweleza mambo mawili tu, kwa upole, maana najua ana hofu yake tayari. Taja vitu kwa majina yake, chai iitwe chai na maji yaitwe maji. Na muulize mtoto anadhani anakwenda kufanyiwa nini, kisha unyamaze, umsikilize hadi mwisho. Mtoto hana kichwa kitupu. Kina maelezo tayari, na huenda kimejaza pengo kwa kitu kikubwa kuliko kipimo chenyewe.

Tulifika nyumbani kesho yake mchana. Simiyu alikuwa wa kwanza kunipokea, akaichunguza plasta mkononi mwangu, akauliza kama nilipepesa. Nikamwambia baba alisimama kwa niaba yangu. Alifikiria, akasema hiyo pia inakubalika.

Ni Mama Nafula aliyetuambia, kwa sauti ya chini, mama akiwa nje na mtoto. Kwamba jana yake tangu asubuhi mama aliketi sakafuni akaishika nguzo. Ilipofika saa sita bila simu, hakuiachia. Saa saba, saa nane, hakuiachia. Mtoto alinyonyeshwa kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa pale. Mama Nafula alipokuja akikimbia na simu na kulitoa lile neno, vidole vilikataa tena, akavibandua kama Agosti.

"Nilimwambia, dada, huyu hajaenda kutahiriwa, ni hospitali," Mama Nafula akasema. "Akaniambia, ni kisu gani kingine cha mtoto mimi najua?"

Hakuna aliyekuwa amemweleza mama nilichokuwa nimekifikiria. Sikuwa nimemwambia mtu. Kumbe siku ile yote, Kitale na Myanga, tulikuwa wawili tuliosimama uwanja ule ule.

"Usikate," nikamwambia fundi. "Ing'oe taratibu, nitaihamisha."

"Itashikilia nini? Nyumba mpya ni ya mawe."

"Itasimama tu."

Akanitazama kama watu wanavyowatazama wafiwa, akazima redio, akaenda kutafuta sururu. Nikaketi sakafuni, nikaweka kiganja changu pale palipong'aa.

Mama aliingia siku ile tuliporudi kutoka Kitale, amembeba mdogo wetu mgongoni. Hakunikumbatia; kwetu hatukuwa watu wa kukumbatiana. Alinigeuza, akanishika tumbo, akanitazama machoni, kwanza jicho moja, halafu lingine. Kiganja chake kilikuwa na ufa mwekundu katikati.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekunywa chai," nikasema.

"Chai sio chakula," akasema mama, akaenda kuinjika maji ya ugali.